Uvimbe Bandia: Uhakiki wa Istilahi ya Ukuta wa Moyo

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa liundwe mwaka 1967, wafasiri wamekumbushwa mara nyingi kwamba istilahi hutafsiri dhana, wala si umbo la neno la kigeni. Tunahakiki hapa kisawe kimoja kinachovunja kanuni hiyo, nacho ni *uvimbe bandia*.

Mshtuko wa moyo hutokea mshipa unaolisha moyo unapoziba, na sehemu ya msuli wake ikafa. Katika siku au majuma yanayofuata, ultrasaundi yaweza kuonyesha hali mbili zinazofanana. Katika ya kwanza, ukuta umekonda na kutokeza nje, lakini haukupasuka. Mdomo wa mfuko uliotokea huwa mpana. Katika ya pili, ukuta umepasuka, na damu imezuiwa na utando unaozunguka moyo au kovu tu. Mdomo wake kwa kawaida huwa mwembamba. Waganga wa Ulaya waliita ya kwanza “ya kweli” na ya pili “ya uongo”, wakiangalia iwapo mfuko una tabaka za ukuta wenyewe.

Mfasiri afuataye maneno hupata *uvimbe halisi* na *uvimbe bandia*. Hapo maana hupinduka. Kwa Mswahili, kitu bandia si kitu cha kuhofia. Kumbe hali hii ndiyo iwezayo kupasuka wakati wowote, na aghalabu hudai upasuaji wa haraka. Hata *uvimbe* lenyewe humfanya msikilizaji afikirie jipu litakaloshuka.

Tufikirie mzee wa Mbeya anayeshauriwa kusafiri zaidi ya kilometa 800, kupitia Iringa, hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Pengine mwanawe ndiye anayemfasiria kwa Kinyakyusa au Kisafwa. Huko Iringa itakuwa Kihehe. Akiambiwa ugonjwa wake ni bandia, kwa nini auze ng'ombe apate nauli?

Tunapendekeza hali ya kwanza iitwe *mtutumko wa ukuta wa moyo*, na ya pili *mpasuko uliozuiwa wa ukuta wa moyo*. Huenda ikasemwa kwamba *mpasuko* ni neno la kutisha. Ndivyo lilivyo, na hatari yenyewe ndivyo ilivyo. Istilahi inayomtuliza mgonjwa kwa kumficha jambo haijasanifiwa bado.