Picha ya Kipepeo na Ukweli Wake

Msomaji, picha ni shahidi. Shahidi aweza kusema kweli na aweza kusema uongo, na uongo wa picha una hatari zaidi, kwa kuwa watu huamini macho yao kuliko masikio yao. Katika insha hii nataka tuzipime picha za vipepeo zinazopigwa katika Msitu wa Kakamega, tujue ipi ni njema na ipi ni pambo tu.

Msitu huu hauna mfano nchini Kenya, maana ni masalio, upande wa mashariki, ya misitu mikubwa ya mvua ya Kongo. Aina za vipepeo wake zapita 400. Wageni huja na kamera za thamani. Vijana wa vijiji vya jirani huja na simu zao. Walio wengi hutafuta kitu kimoja: mabawa yaliyofunguka juu ya ua zuri. Picha ya namna hiyo hupendeza. Lakini je, husema kweli?

Mtazame kipepeo wa jamii iitwayo Charaxes. Ana kifua kinene na mbio nyingi. Maua hayamshughulishi sana; chakula chake ni utomvu wa miti, matunda yaliyooza na kinyesi cha wanyama. Siku moja nilimkuta mmoja juu ya kinyesi cha nyani kando ya njia. Nikaona haya kwa niaba yake. Nikamfukuza, nikangoja atue penye majani mabichi, ndipo nikapiga picha. Ilitoka safi, nikaitundika darasani. Mwanafunzi mmoja aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Mwalimu, hapa anafanya nini?" Sikuwa na jibu. Rangi zake zote zilikuwamo pichani, ila maisha yake nilikuwa nimeyafukuza.

Wako waliokosa kunipita mimi. Humkamata kipepeo, wakamtia katika jokofu mpaka alegee, kisha wakamweka juu ya ua walilolichagua wao. Hulegea kwa sababu joto lake hulitegemea jua. Mwenye kulijua jambo hilo hana haja ya jokofu. Huamka mapema, akamkuta kipepeo akiota jua, mabawa yametandazwa. Humkaribia polepole, akichunga kivuli chake kisimwangukie, na huielekeza lenzi sambamba na mabawa ili yaonekane wazi yote. Subira humpa picha ambayo hila haiwezi kumpa.

Sasa tutazame mfano mgumu zaidi, kipepeo aitwaye Papilio dardanus. Dume ana rangi ya manjano hafifu na nyeusi, na mabawa yake ya nyuma yana mikia. Jike, katika sehemu nyingi za Afrika, hana mikia, tena huiga sura za vipepeo wengine ambao ndege huwakataa kwa ubaya wa ladha yao. Hata majike wa mahali pamoja hutofautiana. Wataalamu wa zamani waliwapa majina mbalimbali, mpaka Roland Trimen wa Afrika Kusini alipoeleza mwaka 1869 kwamba wote ni aina moja. Pima basi: picha kumi za mabawa mazuri zisingelifumbua fumbo hilo. Picha moja ya dume na jike wameungana, hata ikiwa na giza na jani limekatiza mbele, ingesema mengi kuliko hizo kumi.

Sisemi kwamba uzuri ni kosa. Picha isiyoonekana haimfai mtu. Nasema kwamba uzuri uliokatwa ukaachanishwa na mahali pake hutufundisha vibaya. Atazamaye kipepeo juu ya ua la bustani hudhani kwamba mdudu huyo aweza kuishi popote. Kumbe viwavi wa aina nyingi hula majani ya mimea michache tu, na mimea hiyo ikikatwa, kipepeo naye hutoweka. Picha inayoficha msitu humsaidia mwenye shoka.

Basi, msomaji, utakapoinua simu yako penye njia za Kakamega, usimfukuze kipepeo kwenye chakula chake. Liache gome lionekane, na tope, na pera lililooza. Andika siku na mahali. Kisha mpe mwenzako picha hiyo, umwulize, "Hapa anafanya nini?" Akiweza kujibu, umepiga picha njema.