Sahani Moja, Saa Nyingi

Pweza wa nazi akishapakuliwa hana muda mrefu wa kupendeza. Ndani ya dakika chache mchuzi uliokuwa uking'aa huanza kufanya utando, mafuta ya nazi hujitenga pembeni, na majani ya kotimiri yaliyosimama juu yake hulala. Mlaji halioni hilo kwa kuwa ameshaanza kula. Mpiga picha wa chakula huliona, na sehemu kubwa ya ufundi wake ni maandalizi ya dakika hizo.

Ndiyo maana fundi wa kweli huanza kazi sahani ikiwa bado tupu. Husogeza meza karibu na dirisha na kuzima taa, kwa sababu mwanga wa dirisha na wa balbu ukichanganyika, rangi ya mchuzi wenye bizari huharibika. Sahani tupu huwekwa pale pale chakula kitakapokaa, mwanga ukapimwa. Weupe wa sahani huidanganya kamera: hudhani mahali pana mwanga mwingi kupita kiasi, ikatoa picha yenye giza. Fundi huongeza mwanga kidogo kidogo, jicho likiwa kwenye ukingo wa sahani usije ukapotea katika weupe. Upande wa kivuli huweka ubao mweupe ili kuurudisha mwanga. Akitaka mikunjo ya pweza ijitokeze zaidi, hubadilisha akaweka mweusi. Mvuke nao una masharti yake. Huonekana vizuri ukiangazwa kutoka nyuma, na mbele ya kitu cheusi. Yote hayo yakishakaa sawa, ndipo mpishi huambiwa apakue.

Zipo njia za mkato, na biashara ya matangazo imezitumia miaka mingi. Nchini Marekani, kampuni ya Campbell iliwahi kuweka gololi za kioo chini ndani ya bakuli la supu ili mboga zielee juu na kuonekana nyingi. Mwaka 1970 mamlaka ya biashara ya huko ikaipiga marufuku hila hiyo. Wapiga picha ninaowaheshimu hawana haja na gololi. Hupiga picha za chakula kinacholiwa, kwa kiasi kile kile anachopewa mteja, na wakimaliza huketi wakala.

Lakini sahani ni mwisho wa safari, na anayeijua sahani tu hajamjua pweza. Nilimfuata mpiga picha mmoja hadi Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, nikaona namna anavyosoma kalenda ya mwezi kabla ya kugusa kamera. Pweza wa miambani hutafutwa vizuri wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapokupwa mbali na kuuacha mwamba wazi. Akija siku za maji mafu hapati picha yoyote. Na bamvua la Unguja halijali anachopenda mpiga picha: wenzake duniani husifia mwanga laini wa alfajiri, ilhali hapa maji hufika chini kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa limeshakuwa kali na maji ya vidimbwi yakimulika machoni. Yeye hufunga kwenye lenzi kichujio cha kukata mng'ao, akakizungusha polepole mpaka uso wa maji ukapotea na mwamba wa chini ukajitokeza.

Kabla ya hapo alikuwa ametoa salamu, akaeleza anachotaka na picha zitakakokwenda, akasubiri ruhusa. Wako kina mama waliokubali mikono yao ipigwe picha na nyuso zisipigwe, naye akalishika hilo asubuhi nzima bila kubembeleza. Kisha akatembea nyuma yao, kivuli chake akikiweka mbali na mashimo. Mama mmoja alisimama mbele ya magamba ya chaza na vijiwe vilivyorundikana mlangoni mwa shimo, dalili kwamba mwenyewe yumo ndani. Akaingiza fimbo ya chuma. Mpiga picha alikwishapiga goti majini, kamera imeshikwa chini karibu na usawa wa maji, na alipotoka pweza akijizungusha kwenye mkono na kugeuka rangi kutoka kahawia hadi kijivu, shata ililia mara mbili tu. Picha ya pili ndiyo iliyochapishwa: mkono, vinyonyeo vimeganda kwenye ngozi, na pindo la kanga lililolowa.

Jikoni subira hiyo hiyo huvaa nguo nyingine. Mwaka 1990 mpiga picha Bob Carlos Clarke alionyesha katika kitabu *White Heat*, kwa picha zake nyeusi na nyeupe za mpishi Marco Pierre White na vijana wake katika mkahawa wa Harveys, London, kwamba uchovu na moshi wa jiko vinastahili kutazamwa sawa na sahani iliyopambwa. Jiko la Zanzibar lina mapigo yake: mbuzi ya nazi inakwaruza, tui jepesi linachemka na pweza, tui zito linangoja mwisho. Hilo la mwisho likiachwa lichemke bila kukorogwa hukatika, na mpishi hawezi kuinua macho. Hapo ndipo pa kumpiga picha. Akiambiwa asimame na kutabasamu huku amekunja mikono, huwa mtu wa tangazo; akiwa juu ya sufuria, upawa ukizunguka, uso wake una kazi. Fundi huchagua kona isiyozuia njia kati ya jiko na meza ya kupakulia, huipunguza kasi ya shata hadi 1/30 ya sekunde ili upawa uache alama ya mwendo, na kuuegemeza mwili wake ukutani ili uso wa mpishi ubaki mkali.

Kwa hiyo mwenye mkahawa anayeagiza picha za sahani peke yake, na mhariri anayezilipia hizo tu, wote wawili wanaununua ufundi huu nusu. Bajeti na iwe na asubuhi ya bamvua, na ya karafuu zinazoanikwa kwenye majamvi Pemba, ambako mpiga picha hana budi kurudi siku kadhaa pale pale, saa ile ile, ili wekundu wa karafuu mbichi uonekane ukigeuka kahawia. Nakala za picha zirudi vijijini zilikopigwa. Na jina la mpishi likiandikwa chini ya picha, la aliyemtoa pweza shimoni nalo liandikwe, akiridhia, kwa herufi za ukubwa ule ule.