Kitabu cha Stroud na Mtumbwi wa Nchelenge

Si desturi ya kurasa hizi kuhakiki vitabu vya hisabati. Lakini kitabu cha hesabu nacho huandikwa kwa maneno, na maneno ndiyo kazi yetu. Wenzetu watuwie radhi.

Kitabu chenyewe ni Engineering Mathematics cha K. A. Stroud, mwalimu wa Coventry, Uingereza, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1970 na baadaye kuendelezwa na Dexter Booth. Kililetwa kwetu Nchelenge na kijana asomaye uhandisi wa mitambo chuo kikuu, alipokuja likizo. Nyumbani kwao husemwa Kibemba. Kiswahili amekipata gatini, kwa wachuuzi wavukao ziwa Mweru kutoka Kilwa ya Kongo (si ile ya pwani). Kiingereza ni cha darasani.

Stroud hahutubu. Huligawa somo katika vipande vidogo vyenye namba, huuliza, humngoja msomaji ajibu, ndipo humwonyesha jibu na kusonga mbele, kama mwalimu aliyeketi mkekani na mwanafunzi mmoja. Laiti vitabu vyetu vya sarufi vingeandikwa hivyo!

Hata hivyo tuna lawama moja, nayo si ndogo. Afikapo kwenye milinganyo ya daraja la pili, ile ihusishayo kitu na kadiri ya mabadiliko yake, huirudisha kwenye mlinganyo wa kipeo cha pili na kutoa hali tatu: majibu mawili halisi yaliyo mbalimbali, majibu yaliyolingana, au namba changamano. Kila hali ina kanuni yake. Kijana alizijua zote na kukokotoa bila kosa. Tukamwuliza kila moja yasema nini juu ya chombo chochote. Akanyamaza.

Tukateremka ufukweni, tukamwomba mvuvi mmoja Mkongo akandamize mtumbwi wake majini, kisha auachie. Ukapanda, ukashuka, kila mara kidogo zaidi, hata ukatua. Hizo ndizo namba changamano. Ungalikuwa umeelea katika kitu kizito kama lami, ungalirudi polepole bila kupita mahali pake: ndiyo majibu halisi mbalimbali. Majibu yaliyolingana ni mpaka baina ya hali hizo mbili. Tukaandika mchangani: tungamo mara mchapuko, jumlisha ukinzani mara kasi, jumlisha kani ya maji irudishayo chombo mahali pake, jumla ni sifuri. Kijana akakokotoa mwenyewe: chombo cha sakafu bapa na mbavu wima, kilichozama sentimita 40, hupanda na kushuka mara moja kwa sekunde 1.3 hivi, tukiacha ukinzani na maji yaendayo pamoja nacho.

Yuko atakayesema Stroud aliandika hisabati, na mitambo ina vitabu vyake. Jibu hilo halitutoshi. Asomaye kwa lugha ya tatu hulishika tarakimu likamponyoka jambo, wala mtihani haumfichui, kwa kuwa mtihani nao huuliza tarakimu.

Neno moja lilitukwamisha. Kule kupungua kwa mtikisiko sisi tulikuita kufifia. Mvuvi akacheka: mwanga ndio hufifia, mtumbwi hutulia. Kijana akaliandika la mvuvi pembezoni mwa kitabu, nasi twaliona lafaa kuliko letu. Walimu wa fizikia mlio Tanzania, ninyi mwatumia lipi?