Mpaka wa Ziwa Nyasa: Uhakiki wa Hoja Mbili

Kada akiulizwa chanzo cha mgogoro wa Ziwa Nyasa, mara nyingi hujibu kwa jina la mtu mmoja: Kamuzu Banda. Banda alikuwa kibaraka, husemwa. Mwaka 1967 alianzisha uhusiano wa kibalozi na makaburu wa Afrika Kusini, na mwaka huohuo akalikataa dai la Tanzania kwamba mpaka upite katikati ya ziwa. Matukio hayo ni ya kweli. Lakini Banda aliondoka madarakani mwaka 1994 na mgogoro haukuondoka naye. Mwaka 2012 ulizuka upya, baada ya Malawi kuipa kampuni ya Uingereza leseni ya kutafuta mafuta ziwani. Hoja inayomtegemea mtu mmoja haiwezi kueleza jambo hilo.

Mzizi uko Berlin, tarehe 1 Julai 1890. Katika mkataba wa siku hiyo Wajerumani waliikubali himaya ya Waingereza juu ya Zanzibar, nao wakapewa kisiwa cha Heligoland. Katika biashara hiyohiyo mpaka wa ziwa uliwekwa kwenye ufuko wa mashariki. Kwa nini ufukweni? Kwa sababu Waingereza walikwisha kuwa na meli, misheni na kampuni ya biashara ziwani, na maji yale yalikuwa barabara yao ya kuelekea Ziwa Tanganyika. Mvuvi wa Liuli hakuulizwa. Wala hawakuulizwa Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga, watu wa asili moja, ambao mto Songwe uligeuzwa kuwa ukuta kati yao.

Hoja ya pili ni ya wale wanaoabudu karatasi. Malawi hushika ufuko wa mwaka 1890. Wenzetu hushika kifungu cha sita cha mkataba huohuo, kinachoruhusu mipaka kurekebishwa kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali. Wote wawili wanapiga magoti mbele ya beberu yuleyule! Zaidi ya hayo, Tanzania ndiyo iliyotetea azimio la Cairo la mwaka 1964 la kuheshimu mipaka iliyorithiwa, na kwa haki tulilitumia dhidi ya Amin alipodai Kagera mwaka 1978. Hatuwezi kulishika Kagera na kulinyamazia Mbamba Bay bila kueleza tofauti.

Tofauti ipo, nayo haitajwi sana. Mwaka 1954 Uingereza na Ureno zilikubaliana kuuhamisha mpaka wa upande wa Msumbiji kutoka ufukweni hadi katikati ya ziwa, visiwa vya Likoma na Chizumulu vikibaki vya Nyasaland. Kumbe ufuko haukuwa kitu kitakatifu hata kwa waliouchora. Upande wetu haukuguswa, kwani tangu Wajerumani waliposhindwa Mwingereza alitawala pande zote mbili. Mwenye nyumba hana haja ya kugombana na nafsi yake juu ya ukuta wa vyumba vyake. Baadhi ya ramani zake za wakati wa udhamini zilipitisha mstari katikati, nyingine ufukweni.

Uzembe huo ndio tuliorithishwa. Mkataba ukisomwa neno kwa neno, mwanamke wa Mbamba Bay anayeteka maji ya kupikia anateka mali ya nchi nyingine.