Haramia Asiyechekesha: Bahari, Mapenzi na Msomaji wa Takaba

Neno haramia katika Kiswahili halibagui bara na bahari. Anayevizia msafara njiani na anayevizia chombo baharini wote huitwa kwa jina hilo moja, lenye nasaba na haramu. Jambo hili dogo la kileksika lina uzito kwa mhakiki wa fasihi ya vijana, kwa sababu hadithi nyepesi ya maharamia, kama ilivyotujia kutoka Uingereza, inasimama juu ya sharti moja: haramia awe mbali na msomaji kiasi cha kuchekesha.

Utanzu huo tuliupokea mwaka 1929 katika Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya Frederick Johnson ya riwaya ambayo Robert Louis Stevenson aliichapisha kama kitabu mwaka 1883. Ni ulimwengu wa wanaume. Ukimtoa mama yake Jim Hawkins, mwanamke ni kama hayumo. Pengo la mapenzi linazibwa na haiba ya Long John Silver, mwovu ambaye kijana humpenda hata anapomwogopa.

Tumweke mbele ya kitabu hicho msomaji wa Takaba, Mandera Magharibi. Hatumteui kwa kuwa bahari iko mbali naye. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani hata mtoto wa London hakuwahi kukiona kisiwa cha Stevenson. Tunamteua kwa sababu ya neno lenyewe. Katika vita vya 1963 hadi 1967, serikali iliwaita shifta, yaani majambazi, wapiganaji waliotaka Kaskazini Mashariki ijiunge na Somalia, na jina hilo likaja kumwangukia hata mchungaji asiye na silaha. Sheria za hali ya hatari ziliendelea kulibana eneo hilo hadi 1991. Baharini nako mambo hayakuwa mchezo: mwaka 2008 meli ya Faina, iliyokuwa ikielekea Mombasa na vifaru 33, ilitekwa na maharamia wa Kisomali, na mwaka 2010 ukumbi maalumu wa mahakama ulifunguliwa Shimo la Tewa kwa ajili ya kesi za namna hiyo. Msomaji huyu anajua kwamba haramia yupo kweli, na anajua pia kwamba uharamia ni jina ambalo mtu hupewa na mwingine. Riwaya ya Stevenson haina shaka hata kidogo juu ya swali hilo la pili. Kucheka na Silver, basi, kunamdai kijana wa Takaba gharama ambayo mwenzake wa London hakudaiwa.

Je, Kiswahili hakina safari yake ya baharini, yenye ajabu, wepesi na mapenzi? Kinayo tangu 1952, nayo ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Tatizo ni kwamba tumeifundisha kama waadhi. Wahakiki wengi, wakishaona majina ya Adili, Hasidi na Mwivu, huona kazi yao imekwisha: wema upande huu, husuda upande ule, na mwanafunzi akariri. Usomaji huo si wa makosa. Ni mkavu tu. Unasahau kwamba hapa kuna majini, mji wa watu waliogeuka mawe, na Mwelekevu, msichana aliye hai peke yake katikati ya ukimya ule. Kijana hasomi sura hizo ili afunzwe uadilifu. Anasoma ajue kama wawili hawa watapatana.

Jambo la kuzingatia ni kwamba safari hii haihitaji haramia. Adili hatupwi baharini na mgeni mwenye upanga, bali na ndugu zake wa tumbo moja, na mapenzi ndiyo yanayoiwasha husuda yao. Hatari imo chomboni tangu nanga ilipong'olewa. Muundo huu msomaji wa Takaba anaufahamu kuliko tunavyodhani. Wafanyabiashara wa Kigarre walisafirisha bidhaa kwa ngamia kati ya Luuq na nchi ya Waborana, na katika msafara wa aina hiyo mali, maji na roho ya mtu huwa mikononi mwa wenzake. Hata katika kisa cha Abdallah bin Fadhil cha Elfu Lela Ulela, ambacho Shaaban Robert alikijengea riwaya yake, ni kwisha kwa maji chomboni kunakompandisha shujaa mlimani, na huko ndiko ajabu zinakoanzia. Anayekaa nchi kavu ya Mandera hahitaji tanbihi kulielewa hilo.

Wepesi wa riwaya umejificha mahali wasipopatafuta wahakiki. Katika kisa cha asili, ndugu waovu hugeuzwa mbwa. Shaaban Robert aliwafanya manyani. Nyani huchekesha, maana anatukaribia mno kwa sura. Lakini nyani apigwaye kila usiku na mtu anayelia huku akipiga hachekeshi kabisa. Hapo kicheko na huruma vinagongana, na msomaji kijana anaachwa bila maelekezo ya mwalimu. Abdallah wa Elfu Lela Ulela huishia kuona nduguze wakiuawa. Hasidi na Mwivu wanarejeshewa ubinadamu wao, nao wanabaki hai miongoni mwa watu wanaoyajua yote waliyoyatenda.