Istilahi ya "Mgawanyo wa Pande Mbili": Je, Inafaa?

Mfasiri wa vitabu vya takwimu anapoifikia sura inayohusu binomia hushawishika upesi kuandika "mgawanyo wa pande mbili". Istilahi hiyo ni ya Kiswahili, hutamkika kwa urahisi, na kwa juu juu haina kasoro. Hata hivyo yafaa ichunguzwe neno kwa neno, kwani nusu yake ni nzuri sana na nusu ya pili inapotosha.

Tuanze na "mgawanyo". Wapo watakaolikataa neno hili kwa hoja kwamba hukumbusha mirathi na bajeti, nao watapendelea "mtawanyiko". Mimi naliunga mkono. Uwezekano wote wa jambo ni 1, na hiyo moja ndiyo inayogawanywa, kwa mafungu yasiyo sawa, baina ya matokeo yote yanayoweza kupatikana. Ni mirathi kweli kweli. "Mtawanyiko" tuuache ueleze jinsi takwimu zilivyo mbali na wastani wake; tukiutumia kwa yote mawili, mwanafunzi hatajua ameulizwa lipi.

Kasoro imo katika "pande mbili". Chukua mfano wa ofisa wa kilimo aliyeletewa gunia la mbegu za mahindi ambazo uwezekano wa kila moja kuota ni 0.9. Ofisa apanda mbegu 10. Kila mbegu ina pande mbili tu: kuota au kutoota. Lakini idadi ya mbegu zitakazoota yaweza kuwa 0, 1, 2, hadi 10. Basi mafungu ni 11, wala si mawili. Fungu la mbegu zote kuota ni kama 0.35, la mbegu tisa ni kama 0.39, na yaliyobaki yote kwa pamoja ni kama 0.26. Maana yake, takriban mara moja katika kila nne, gunia jema litaonyesha mbegu nane au pungufu. Ofisa aliyefundishwa kwamba pande ni mbili, jema na bovu, atalikataa gunia hilo, na mkulima atapata hasara iliyoanzia kwa mfasiri.

Hata katika asili yake neno hili halitaji idadi ya matokeo. Latoka katika aljebra, ambako ni usemi wa sehemu mbili zinazojumlishwa; hapa ni uwezekano wa kuota na uwezekano wa kutoota. Usemi huo ukipandishwa kwa kipeo cha 10 hutoa yale mafungu 11. Kwa hiyo napendekeza "mgawanyo wa binomia". Ingekuwa haki kumuenzi Jacob Bernoulli, ambaye kitabu chake kilichapwa Basel mwaka 1713, miaka minane baada ya kufa kwake. Lakini jina lake limekwisha kupewa mgawanyo wa jaribio moja tu.

Yamebaki mambo mawili madogo. "Majaribio huru" yasomeke "majaribio yasiyotegemeana", maana mbegu zilizotiwa katika shimo moja lenye mchwa zaweza kuitwa huru, lakini huangamia pamoja. Nalo tukio linalohesabiwa lisiitwe "fanikio". Muuguzi ahesabuye vifo wodini ataandikaje katika taarifa yake kwamba amepata mafanikio matatu?