Usipange kozi zako kwa kufuata sura za Metcalf & Eddy

Ukianza shahada ya uzamili ya uhandisi wa mazingira, hutamaliza wiki ya kwanza bila kusikia jina Metcalf & Eddy. Kitabu chao, Wastewater Engineering, ni kizito kweli, na toleo la 5 la 2014 lina kurasa zipatazo 2,000. Sifa zake inazistahili. Mifano ya mahesabu imefanywa hatua kwa hatua, na sura inayoeleza jinsi bakteria wanavyokula uchafu sijaona ya kuishinda.

Tatizo linaanza kitabu kikigeuzwa kuwa ratiba. Angalia mpangilio wa kozi: mitambo ya kuchuja na kutuamisha, kisha matangi ya kupulizia hewa, kisha usafishaji wa hali ya juu. Huo ni mtiririko wa sura zake, na sura hizo zinaanzia pale bomba la majitaka linapofika mtamboni. Sasa jiulize, Dar es Salaam ni nyumba ngapi zina bomba hilo? Nyingi zina choo cha shimo au tangi, na kikijaa unaita gari la kunyonya, au watu waje kutapisha kwa mikono.

Tofauti hii si ndogo. Toleo la 4 linachukulia majitaka ghafi ya nyumbani kuwa na BOD (oksijeni ambayo vijidudu vinahitaji ili kula uchafu uliomo) ya miligramu 110 hadi 350 kwa lita. Tope la chooni linaweza kuwa zito mara 10 hadi 100 kuliko hayo, na gari moja halifanani na linalofuata. Ukipeleka tope hilo kwenye mtambo uliosanifu kwa namba za kitabu, litauzidi nguvu. Na hapo sijagusa bili ya umeme wa kupuliza hewa usiku na mchana.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki: toleo la 3 la 1991 lilikuwa na sura nzima ya mifumo ya asili na nyingine ya mifumo midogo. Toleo la 4 la 2003 halina sura hizo. Kwa mhandisi wa Marekani si hasara kubwa, ana vitabu vingine. Kwetu, kilichotoka kitabuni kinatoka na darasani.

Kwa hiyo anza na Faecal Sludge Management cha Strande, Ronteltap na Brdjanovic (2014), kinapakuliwa bure, ni bando lako tu. Cha Duncan Mara kuhusu majitaka katika nchi zinazoendelea kifuate, hasa kwa mabwawa. Kozi ya takwimu ichukue semista ya kwanza, maana tope linalobadilika hivyo huwezi kulisanifia kwa wastani mmoja. Metcalf & Eddy mrudie baadaye kwa ajili ya mahesabu. Hapo kitabu cha Strande ni chepesi, kinaeleza vizuri mfumo mzima lakini ukitaka kukokotoa kwa undani kinakuacha njiani.

Na kabla hujasaini fomu ya kozi za hiari, muulize mwalimu wako: tope linalomwagwa na magari pale mabwawa ya Vingunguti linafundishwa kwenye kozi ipi?